Robine Inayotoa Matone



Robine yenu inatoa matone usiku na muchana. Munasema: «Ni matone tu.» Basi jioni hii muweke ndoo chini yake, na asubuhi mupime. Mayi mutakayoona yangetosha kumwangilia mboga zile munazouza kwa wafanya kazi wa mine. Tena pale chini ni matope na kidimbwi. Mbu anataga mayai humo, na baada ya siku kumi hivi anaruka kuwauma watoto, nao wanapata homa.

Kwa nini robine inavuja? Ndani mwake kuna kipande cha ngozi au cha mpira, cha duara, kinachoziba tundu la mayi. Kikichakaa, mayi yanapita. Mutu mwenye nguvu anakaza sana. Leo matone yanakoma, kesho ngozi imekatika kabisa. Nguvu haiponyeshi robine. Kipande kipya ndicho kinaiponyesha.

Fanyeni hivi:

Kwanza, wamama wajaze vyombo vyao. Kisha mufunge mayi kwenye robine kubwa ya tiyo, na kufungua robine ndogo mpaka mayi yaishe.

Pili, mukono mumoja ushike robine imara, tiyo isizunguke ikavunjika. Mukono mwingine ufungue kichwa cha robine kwa kle, kwa kuzungusha upande wa kushoto. Mutoe kichwa.

Tatu, chini yake mutaona kile kipande. Mukitoe, mukiweke juu ya ngozi nene au mpira munene, mukate kingine sawasawa nacho, na tundu katikati. Mpira wa ndani wa kinga haufai, ni mwembamba. Ngozi muilowanishe kwanza.

Ine, mupanguse mchanga ndani ya robine, na mupapase kwa kidole mahali kipande kinapokalia. Kama chuma kimechimbika, kipande kipya kitakatika upesi. Robine yenyewe ibadilishwe. Ile mpya mufunge nyuzi za katani zenye mafuta juu ya meno yake, kisha muikaze.

Tano, mbele ya kurudisha kichwa, muzungushe mukono wake kama munafungua, ili kipande kisipondeke. Mukaze kwa kle, kisha mufungulie mayi polepole.

Kama mayi yanatoka juu, karibu na mukono wa robine, shida si kipande kile. Mukaze kidogo tu kofia ya juu.

Mwisho, muchimbe mufereji pale chini, mayi yanayomwangika yaende kwa migomba. Na muchague mutu mumoja wa kutunza kle na vipande vya ngozi. Kitu cha wote kisicho na mulinzi kinakufa upesi. Kiangazi ni kirefu, na kisima cha zamani ni mbali.

Nimemaliza. Mwenye swali aulize, kisha twende wote kwenye robine.