Medali Isiyo na Jina

Mama mmoja wa Mbeya alinionyesha medali ya marehemu babake, askari wa KAR aliyepigana Burma mwaka 1944. Haikuchongwa jina. Mnunuzi wa vitu vya kale anaitaka, na mama anadaiwa ada ya shule.

Fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyefariki mwaka 1898, lilirudi mwaka 1954, leo limo katika makumbusho ya Kalenga, Iringa. Lilikuwa na jina, likawa na wa kulidai. Medali hii ikishauzwa, nani ataidai?

Nikamshauri: andika jina la mzee, kisha ipeleke ionekane Siku ya Mashujaa, 25 Julai. Akaifunga kwenye khanga. Ada bado anadaiwa. Je, sanduku la babu yako lina nini?