SIDIRIA BAADA YA KUKATWA TITI

Haya ni mazungumzo ya muuguzi wa zahanati kwa kikundi cha akina mama kijijini. Akina baba kadhaa nao walikuja kusikiliza.

 Sogeeni mbele.

Leo tutazungumza habari za sidiria. Nasikia watu wanacheka. Chekeni, lakini mnisikilize. Wako wenzetu waliokatwa titi kwa sababu ya saratani, yaani kansa. Wamekwenda Bugando, KCMC au Muhimbili, wamefanyiwa operesheni, wamerudi nyumbani. Lakini wengine hawaonekani tena kisimani wala mkutanoni. Wanaona haya kwa kuwa upande mmoja wa kifua uko bapa. Wengine wanaacha hata kurudi hospitali siku waliyopangiwa, na hiyo ni hatari kubwa. Tena wako wanaofanya kinyume. Kidonda hakijapona, wamekwisha vaa sidiria ya kubana na kujaza matambara ndani ili watu wasijue. Kidonda kinasuguliwa, kinafumuka, kinatunga usaha.

Basi, kwanza subiri. Siku za mwanzo vaa fulana laini ya pamba, au blauzi pana inayofunguka mbele. Kwa nini mbele? Kwa sababu mkono wa upande uliokatwa bado unauma. Huwezi kuupeleka mgongoni kufunga vifungo. Ukitaka kujazia, weka pamba kidogo au kitambaa laini, kisafi. Kitu kizito kingoje mpaka kidonda kipone kabisa. Mara nyingi ni wiki 6 hadi 8, lakini daktari wako ndiye atakayekwambia.

Kidonda kikisha pona, chagua sidiria. Wengi wetu dukani tunatazama rangi na maua. Wewe mwenye kovu, igeuze utazame ndani. Pitisha vidole kwenye mishono. Mshono mgumu ukipita juu ya kovu utakukwaruza kutwa nzima. Isiwe na waya. Mkanda wa chini uwe mpana, na pembeni ipande mpaka karibu na kwapa ili ifunike kovu. Kitambaa kiwe cha pamba, maana sisi tunalima juani, tunatoka jasho.

Halafu ivae. Ingiza vidole viwili chini ya mkanda. Visipopita, inabana. Inama kama unayepalilia, kisha simama. Ikipanda juu, ni kubwa. Na zile za mitumba zilizorundikwa mnadani, Shirika la Viwango, TBS, limezipiga marufuku. Hata hivyo lastiki yake imekwisha legea, haishiki kitu.

Sasa kamba za begani. Hili mlishike sana. Katika operesheni nyingi daktari huondoa pia tezi za kwapani. Tezi hizo husaidia kupitisha maji ya mwilini. Zikiondolewa, maji ya mkono ule hupita kwa shida. Kamba nyembamba ikikandamiza bega, mkono unaweza kuvimba. Kwa hiyo kamba ziwe pana. Ukivua sidiria ukaona mfereji begani, usiivae tena. Ukiona mkono umekuwa mzito, au bangili haipiti, nenda zahanati, usingoje.

Aliyepigwa mionzi, kwa mfano kule Ocean Road, ngozi yake inaweza kuwa nyeusi zaidi na kuuma kama iliyoungua. Siku hizo aache sidiria, avae fulana tu.

Je, ndani tuweke nini? Mjini kuna matiti ya bandia, lakini bei yake si ya mkulima. Nenda kwa fundi cherehani. Akushonee mfuko wa kitambaa laini ndani ya sidiria, upande uliokatwa. Kisha ashone kifuko kidogo chenye umbo la titi. Kijaze ulezi, na upande unaogusa kifua uweke pamba. Pamba peke yake ni nyepesi mno. Ukifika sokoni titi limehamia shingoni! Pima kwa mikono: huku titi lako, huku kifuko. Uzito ukaribiane. Upande mmoja ukiwa mzito na mwingine mtupu, bega linavutwa na mgongo unauma. Siku ya kufua, mwaga ulezi kwanza, kwa kuwa ukilowa utanuka. Kila baada ya muda weka mpya, wadudu wasiingie.

Na mama asiyetaka kuvaa chochote? Asilazimishwe. Mwili ni wake.

Akina baba, mara nyingi nyinyi ndio mnaoshika fedha. Mama akiomba ya kitambaa na ya fundi, msimwambie eti ni urembo. Na siku ya kliniki, mpeleke.

Haya, maswali. Kifuko cha ulezi ninacho hapa kikapuni. Pitisheni mkono kwa mkono mkione, hata kule nyuma.