Mlango Hufunguliwa na Aliye Ndani: Barabara ya Rusumo hadi Rusizi

Mhadhara wa kuingia uprofesa



Mhadhara niliouandaa awali haukuwa huu. Lakini katika kongamano moja hivi karibuni, mwenzangu ninayemheshimu alisimama akaifupisha historia ya barabara kuu ya Rwanda kwa pumzi moja. Nchi ilikuwa imefungwa, alisema. Mjerumani akaifungua, Mbelgiji akachonga barabara, Mchina akamwaga lami, Mjapani akajenga daraja. Ukumbi ulipiga makofi. Mimi nilirudi chumbani nikakosa usingizi, na asubuhi nikachana karatasi zangu.

Njia yenyewe wengi mnaijua, nami nitaipitia mbio. Lori likitoka Dar es Salaam hupita Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, likateremka Ngara hadi maporomoko ya Rusumo, penye Mto Kagera. Hapo Rwanda inaanza: Kirehe, Ngoma, Kayonza, Rwamagana, Kigali, kisha Muhanga, Nyanza, Huye, Nyamagabe, msitu wa Nyungwe, hadi Rusizi, ambako ukivuka mto umeingia Bukavu. Ni zaidi ya kilomita 400 ndani ya nchi yenye kilomita za mraba 26,338. Mkoa wa Tabora peke yake ungeimeza nchi hiyo mara mbili, na nafasi ikabaki. Udogo huo ndio unaowafanya watu wadhani kwamba ni uchochoro wa kupitia tu.

Tuanze na neno "imefungwa". Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na makao Karagwe, pale Kafuro, tangu katikati ya karne ya 19. Mpelelezi Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, habari za Rwanda zilikuwa mazungumzo ya kawaida barazani. Nguo na shanga zilivuka Kagera zikipita mikononi mwa watu wa kati. Kilichozuiwa ni msafara wenye bunduki. Mpelelezi Stanley mwenyewe, aliyekwisha kulizunguka Ziwa Viktoria, alifika maeneo hayo mwaka 1876 akaishia kugeuza njia. Sasa nawauliza: nyumba ambayo bidhaa zinaingia na wageni wenye silaha wanarudishwa, hiyo imefungwa, au ina bawabu?

Hapa niruhusuni nikae kidogo na kitabu nikipendacho. Gustav Adolf von Götzen, luteni wa Kijerumani na mwana wa ukoo wa kikabaila, aliondoka Pangani Desemba 1893, na mwaka 1895 akachapisha masimulizi ya safari yake, *Durch Afrika von Ost nach West*. Nakala yangu imeachia gamba kwa kufunguliwa. Wengi hukisoma kama hadithi ya shujaa: kijana wa miaka 27 anavuka Kagera karibu na Rusumo tarehe 2 Mei 1894, na nchi ya siri inafunuka mbele yake. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wakisome kama hakimu amsikilizavyo shahidi mwenye maslahi, kwa kuweka tarehe kando ya ramani.

Alivuka mto tarehe 2 Mei. Alionana na Mfalme Kigeri Rwabugiri huko Kageyo mwishoni mwa mwezi huohuo. Ni karibu wiki nne, kwa umbali ambao leo lori lenye breki nzima huumaliza kwa siku moja. Njiani alikutana na Sharangabo, mwana wa mfalme, aliyetawala Buganza. Yaani kabla hajamwona mwenye nyumba, mtoto wa nyumba alikwisha kumwona yeye, akawahesabu watu wake na bunduki zake. Götzen aliandika kama mtu anayevumbua nchi. Tarehe zake zinaonyesha mtu anayesindikizwa. Jemadari hodari kama Rwabugiri, aliyetumia miaka yake kupigana na majirani kila upande, hakushindwa kuuziba mto kwa bahati mbaya. Alichagua kumwona mgeni. Mwaka uliofuata mfalme akafariki, ikulu ikaingia katika ugomvi wa urithi, na hapo ndipo Wajerumani walipopata nafasi. Kwa hiyo hata hilo "kufunguliwa" lilianzia ndani.

Mwenzangu atasema: basi, tuje kwa Mbelgiji. Twende. Nakiri kwamba mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji hayakubisha hodi, na mwenye nadharia ya mlango kama mimi hana budi kulimeza hilo bila maji. Nakiri pia kwamba barabara za zama zile zilichongwa kwa jasho la shuruti. Wanyarwanda waliita kazi hiyo *akazi*, na kila Mswahili analitambua neno lililo tumboni mwa neno hilo. Sasa, anayesema "Mbelgiji alichonga barabara" atuambie jembe lilikuwa mkononi mwa nani.

Lakini angalieni Gisaka, eneo lote lile la mashariki ambamo barabara ya Rusumo inapita. Kwa makubaliano ya Milner na Orts ya mwaka 1919, eneo hilo lilimegwa kutoka Rwanda likapewa Waingereza, waliotaka ukanda wa kupitisha reli ya ndoto zao ya Cape hadi Cairo. Mfalme Musinga alilalamika. Askofu Léon Classe akaandika. Suala likafika Shirikisho la Mataifa, na ilipoanza 1924 mpaka ulikuwa umerudi Kagera. Reli haikujengwa. Mfalme aliyetawaliwa na wageni, asiye na jeshi la kutisha mtu, alisaidia kuurudisha mpaka wa mashariki pale ulipokuwa. Bila ugomvi ule, leo dereva angeingia Rwanda mahali pengine kabisa.

Wakati wa uhuru nitaupita haraka. Daraja la Rusumo lilijengwa 1972. Baadaye, katika muongo huohuo, Wachina wakajenga barabara ya Kigali hadi Rusumo. Daraja lilitangulia lami, na mpangilio huo una maana. Njia ya kaskazini, ya kupitia Uganda hadi Mombasa, iliyumba mikononi mwa Idi Amin, na vita vya 1978 na 1979 vikawafundisha Wanyarwanda kwamba mwenye mlango mmoja ni mfungwa wa jirani. Mchina alileta mitambo na wahandisi. Haja ilikuwa ya Kigali.

Daraja hilo la 1972 nalijua kwa miguu. Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori la Fiat, na mwaka 1983, nikiwa na miaka 12, alinichukua likizo ya Desemba. Lilikuwa jembamba: gari moja kwa wakati, na mto ukinguruma chini kiasi kwamba utingo alizungumza kwa ishara. Kabla ya kupanda darajani mjomba alichomoa kitambaa chekundu chini ya kiti akakifunga kwenye kioo cha kulia. "Mpwa," aliniambia, "ng'ambo ya huu mto mkono wa kushoto ni mauti." Tanzania tunaendesha kushoto, Rwanda kulia, darajani ndipo ubongo ulipobadilishwa. Tulingoja siku mbili kwa sababu ya mhuri mmoja uliokosekana katika ofisi ambayo sitaitaja. Siku zote mbili nilimtazama askari wa upande wa pili, aliyesimama mwisho wa daraja. Akipunga mkono, gari linapita. Asipopunga, injini zinazimwa na watu wanainjika chai.

Kuna siku mlango huu haukuwa na bawabu, na heshima inanitaka niiseme polepole. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja hilo kuingia Ngara. Desemba 1996 karibu nusu milioni walirudi kwa njia hiyohiyo. Hapo nadharia yangu haina la kusema. Hakuna aliyefungua, hakuna aliyechagua. Daraja lilibeba tu.

Baada ya hapo hoja yangu inasimama tena. Daraja jipya la njia mbili na kituo cha huduma za pamoja mpakani, vilivyojengwa kwa msaada wa Japani, vilizinduliwa na Rais Magufuli na Rais Kagame Aprili 2016. Wengi walidhani kungoja kumekwisha. Februari 2019 Rwanda ikafunga mpaka wa Gatuna, upande wa Uganda, ukakaa hivyo hadi mwisho wa Januari 2022. Mwaka 2020, wakati wa korona, Kigali ikataka madereva wabadilishane mpakani. Wa Tanzania wakagoma, magari yakapangana foleni upande wetu, na mawaziri wakalazimika kukaa kitako. Lami ilikuwa nzima, daraja jipya, makaratasi yamenyooka. Mkono haukupungwa.

Nimepima, na mizani haikuegemea kwangu siku zote: 1916 inanipinga, 1994 inaninyamazisha. Mwenzangu anaweza pia kusema kwamba nadharia yangu yote ni yule askari wa 1983 aliyemshikilia mtoto siku mbili juani. Sitabisha sana. Lakini Rwabugiri naye alimweka kijana wa Kijerumani njiani karibu wiki nne, na yeye hakuwa na mhuri wa kusingizia.

Kwa hiyo namwalika mwenzangu tupande lori pamoja, kuanzia Kahama. Nitambebea kitambaa chekundu.