Bakteria wa Askari Mmoja
Msikilizaji, mwaka 1917, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, daktari Mjerumani Alfred Nissle alichunguza kinyesi cha askari ambaye hakuhara ilhali wenzake walilala hoi. Humo akapata bakteria ambaye hadi leo hutumika kutengeneza dawa.

Kwa nini hili lituguse? Kwa sababu vidonda sugu vya utumbo mpana huja na kuhara damu, maumivu na aibu ya kukimbilia choo kila mara, na hakuna kidonge cha kuvimaliza kabisa. Utafiti uliochapishwa 2004, wenye wagonjwa 327, ulionyesha kwamba bakteria huyo alizuia ugonjwa kurudi karibu sawa na dawa ya kawaida, mesalazini. Hilo si dogo hata kidogo.

Sasa upande wa pili. Kwa ugonjwa wa Crohn, uvimbe mwingine sugu wa utumbo, ushahidi ni hafifu, na mwaka 2020 chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani kilishauri bakteria wa tiba kama huyu watumike katika majaribio ya kitabibu tu. Na mtindi wa nyumbani hauna bakteria huyo. Tafadhali, usiache dawa zako.

Nabaki na swali: ni bakteria wangapi kama huyo wamo matumboni mwetu, na nani atawatafuta?