Mwalimu Pamoja na Mwanafunzi

Somo letu ni 1 Nyakati 25, mstari wa 7 na wa 8.

Mwaka 1983 nilikuwa nimepiga gitaa kanisani miaka 12, nikatamani cheti cha ualimu. Huko Nairobi nikaelezwa mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1889. Madaraja yalikuwa 8, na stashahada ya ualimu ilikuja baadaye. Tena wakati huo hukuweza kuingia daraja la 6 kabla ya kufaulu nadharia ya daraja la 5.

Nadharia! Mimi nilipiga kwa kusikia tu, nota sikuzijua. Vijana waliponiuliza, "Mwalimu, mbona kidole hiki kinakaa hapa?" nilijibu, "Ndivyo tunavyopiga." Kumbe nilikuwa nawafungia mlango. Basi nikaketi mtihanini kati ya watoto wenye sare za shule, na mmoja akaniazima kifutio. Niliona haya, ndugu zangu.

Watazameni waimbaji wa Daudi. Walikuwa 288, wote wamefundishwa, wote hodari. Hata hivyo zamu zilipopangwa, kura haikuuliza nani mwalimu, nani mwanafunzi. Wala hatusomi kwamba mkubwa yeyote alidai kutangulia.

Nilifaulu mara ya pili, Bwana asifiwe. Jumapili iliyofuata kijana mmoja aliniuliza tena habari za kile kidole. Nikavuta kiti, nikageuza karatasi ya matangazo, nikamchorea mistari 5 na nota yake juu.

Na tuombe.