Urithi wa Taifa Hauishii Sebuleni



Katika miji na vijiji vya Uholanzi iko desturi ambayo wageni wengi huishangaa. Jioni, taa zinapowashwa, familia nyingi huacha mapazia wazi, na mpita njia huweza kuiona sebule yote pamoja na watu waliokaa ndani. Desturi hiyo huelezwa mara nyingi kuwa ni ishara ya watu wasio na la kuficha. Lakini sebule si nyumba nzima. Aliyeiona sebule hajafika jikoni, wala hajajua sukari iliyomo mezani imetoka katika jasho la nani. Filamu za hali halisi za Uholanzi, yaani zile zinazoonyesha watu wenyewe katika maisha yao bila ya waigizaji, zinafaa kutazamwa kwa kuikumbuka tofauti hiyo.

Mojawapo ya filamu zilizopendwa mno nchini humo ni Alleman, maana yake Kila Mtu, iliyotengenezwa na Bert Haanstra mwaka 1963. Haanstra aliificha kamera yake, akawapiga picha wananchi wenzake bila ya wao kujua: wakiteleza juu ya barafu, wakitembea barabarani, wakibadili nguo ufukweni kwa haya. Wakati huo nchi ilikuwa na watu wapatao milioni 12, na zaidi ya milioni moja na nusu walikwenda kuitazama katika majumba ya sinema. Mwaka 1964 ilipata tuzo ya Dubu wa Dhahabu mjini Berlin. Ni kazi ya upendo, na si kosa mtu kuwapenda watu wake. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ni picha ya sebuleni: taifa linajitazama na kucheka.

Filamu ya pili inafundisha zaidi. Mwaka 1997 Péter Forgács, raia wa Hungary, alikusanya picha zilizopigwa na familia moja ya Kiyahudi ya Uholanzi, familia ya Peereboom, kabla na wakati wa Vita Kuu ya Pili, akatengeneza filamu iitwayo The Maelstrom. Ndani yake mna harusi, watoto wachanga na matembezi ya ufukweni. Kisha inaonekana familia hiyo ikiwa nyumbani, inashona na kufunga mizigo, kwa kuwa imeamriwa kwenda katika kile kilichoitwa kambi ya kazi. Wayahudi wapatao 107,000 walichukuliwa kutoka Uholanzi. Waliorudi walikuwa kiasi cha 5,000 tu.

Kando ya picha hizo Forgács aliweka nyingine, za familia ya Arthur Seyss-Inquart, aliyeitawala Uholanzi kwa niaba ya Hitler tangu mwaka 1940, na ambaye alinyongwa mwaka 1946 baada ya kuhukumiwa mjini Nürnberg. Katika picha hizo nako mna watoto, michezo na vicheko. Hapo ndipo penye somo. Picha za familia ya mtawala na za familia inayoangamizwa zinafanana. Ukiitazama familia moja peke yake, utaona furaha ya nyumbani tu. Ukiziweka pamoja, ndipo unapouona ukweli wa zama zile.

Somo hilo linahusu pia makoloni. Kwa zaidi ya karne tatu, utajiri mwingi wa nyumba za Uholanzi ulitoka katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Mwaka 1995 Vincent Monnikendam alitoa filamu iitwayo Moeder Dao, iliyoundwa kwa picha zilizopigwa huko tangu mwaka 1912 hadi miaka ya 1930. Nyingi zilipigwa ili kuwaonyesha Waholanzi mema yaliyodaiwa kufanywa na utawala wao. Monnikendam aliyaondoa maelezo ya wakoloni, akaweka nyimbo na mashairi ya Waindonesia. Picha ni zile zile, lakini sasa mtazamaji anawaona wanawake na watoto wakifanya kazi za mashambani na viwandani chini ya macho ya wasimamizi. Shahidi aliyeitwa kuutetea ukoloni amegeuka kuushitaki.

Wako waliousema ukweli huo mapema, wakaadhibiwa. Joris Ivens, mzaliwa wa Nijmegen, alikuwa mtumishi wa serikali ya Uholanzi katika kazi ya filamu za Indonesia. Mwaka 1945 alijiuzulu, kwa kuwa serikali yake ilikataa kuutambua uhuru uliotangazwa na Waindonesia. Mwaka uliofuata alitoa Indonesia Calling, filamu inayoonyesha jinsi wafanyakazi wa bandari za Australia, pamoja na mabaharia wa Kiasia, walivyokataa kuzihudumia meli za Uholanzi zilizobeba silaha. Alihesabiwa kuwa msaliti, na kwa miaka mingi alisumbuliwa kuhusu pasi yake ya kusafiria. Mwaka 1985, akiwa mzee wa miaka 86, waziri wa Uholanzi alimkabidhi tuzo mjini Paris. Na mwaka 2022 Waziri Mkuu Mark Rutte aliwaomba radhi Waindonesia kwa ukatili uliofanywa na majeshi ya Uholanzi katika vita vile.

Kwa hiyo filamu hizi zisichukuliwe kuwa burudani tupu, wala kuwa ushahidi unaojitosheleza. Mwalimu anayewaonyesha wanafunzi picha za maisha ya familia, ziwe za Uholanzi au za nchi nyingine yoyote, hana budi kuwafundisha kuuliza: Ni nani aliyeshika kamera? Alitaka kumwonyesha nani? Na ni nani aliyeifanyia kazi nyumba hii bila ya kuonekana katika picha? Mtunza nyaraka naye akumbuke kwamba picha inayoonekana leo kuwa ya kawaida huenda kesho ikawa shahidi pekee aliyebaki. Taifa linalohifadhi picha za sebuleni tu halijahifadhi urithi wake, limehifadhi pambo.