Ahadi ni Deni la Nani? Muuguzi Mpya na Mkataba wa Kaa-au-Lipa

Mhadhara wa kiprofesa



Kadi ya mwaliko iliwaahidi mhadhara juu ya vidonda vya mgandamizo, kazi iliyonipa kigoda hiki. Mtanisamehe. Wiki chache zilizopita nilikaa kwenye kongamano, na mkuu mmoja wa hospitali, mtu ninayemheshimu, akazungumzia wauguzi vijana wa Marekani, wakiwemo watoto wetu walioko kule, wanaoacha mipango ya mafunzo ya mwaka wa kwanza kabla mkataba haujaisha. Akasema hawana haya. Wamefundishwa, wamelipwa mshahara huku wakifundishwa, halafu wanaondoka na ujuzi uliogharamiwa na wengine. Akamaliza kwa methali: ahadi ni deni. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilirudi nyumbani nikaweka vidonda kando.

Historia ya mipango hiyo, inayoitwa residensi, naipita mbio kwa kuwa wenzangu mnaijua: mpango wa kampuni ya Vizient na AACN, chama cha vyuo vya uuguzi vya Marekani, ulioanza mwaka 2002, pendekezo la Institute of Medicine la mwaka 2010 la kuieneza, na yaliyofuata. Kwa wasio wauguzi niseme tu kwamba residensi si sawa na utarajali wetu. Mtarajali wa hapa bado hajapata leseni kamili. Kijana wa kule amekwisha kufaulu mtihani wa NCLEX, leseni anayo mkononi. Anaajiriwa, anapewa muuguzi mwelekezi wa kufanya naye kazi bega kwa bega, pengine miezi mitatu kwenye wodi ya kawaida, hata miezi sita kwa wagonjwa mahututi. Baada ya hapo anabeba wagonjwa wake mwenyewe, huku akihudhuria semina mara kwa mara mpaka mwaka utimie. Hospitali nyingi hazimdai chochote. Nyingine humsainisha kwamba akiondoka kabla ya muda fulani, mara nyingi miaka miwili, atalipa maelfu ya dola. Huo ndio mkataba wa kaa-au-lipa, na ndio uliopigiwa makofi.

Hoja ya mheshimiwa yule ina nguzo tatu: kwamba hospitali imepata hasara, kwamba kijana alisaini kwa hiari yake, na kwamba mkataba unawabakiza wauguzi wodini. Nianze na ya hasara.

Hasara ipo, sibishi. Kampuni ya NSI, inayokusanya takwimu za hospitali za Marekani kila mwaka, ilikadiria katika taarifa yake ya mwaka 2024 kwamba muuguzi mmoja akiondoka, hospitali inapoteza kwa wastani zaidi ya dola 56,000. Lakini hebu tufungue kikapu tuone kilichomo. Humo mna matangazo ya kazi, malipo ya wauguzi wa muda wanaoziba pengo, saa za ziada, na mazoezi ya kumzoesha mgeni kompyuta za hospitali hiyo, kabati la dawa la hospitali hiyo, taratibu za dharura za hospitali hiyo. Sehemu kubwa ya hayo hakuna hospitali inayoweza kuyakwepa hata ikiajiri mtu mwenye uzoefu wa miaka ishirini. Ni gharama ya kuendesha wodi, sawa na glovu. Mwenye basi hamdai dereva mpya nauli ya siku alizoonyeshwa njia.

Wachumi waliopo hapa watanikumbusha Gary Becker, aliyesema katika kitabu chake cha mwaka 1964 kwamba mwajiri hana sababu ya kulipia ujuzi ambao mfanyakazi anaweza kwenda kuuza kwingine. Vema. Lakini Daron Acemoglu na Jörn-Steffen Pischke waliwatazama vijana wa uanagenzi nchini Ujerumani na kueleza, mwaka 1998, kwa nini waajiri hulipia ujuzi wa namna hiyo na bado wanapata faida: soko la kazi halina uhuru ule wa vitabuni, na mwajiri anayemjua mfanyakazi wake humlipa chini ya thamani ya kazi anayoifanya. Muuguzi wa mwezi wa tano anayebeba wagonjwa watano au sita peke yake usiku kucha, kwa mshahara wa mgeni, amekwisha kuanza kulipa. Anayemdai mara ya pili atuonyeshe hesabu zake.

Na hesabu hizo ndizo zisizoonekana. Mikataba niliyopata kuisoma haina mchanganuo: ni tarakimu moja ya mviringo. Mingine hupunguza deni kadiri miezi inavyokwenda. Mingine haipunguzi hata senti, hivyo anayeondoka mwezi wa ishirini na tatu anadaiwa sawa na aliyeondoka mwezi wa pili. Kama deni ni gharama ya mafunzo, limekwama vipi mahali pamoja wakati muuguzi anaendelea kufanya kazi? Deni la aina hiyo ni faini.

Nguzo ya pili, hiari. Kijana anamaliza chuo ana mkopo wa masomo. Anatafuta kazi, na kila tangazo linataka uzoefu wa mwaka mmoja wa hospitali. Mlango pekee ulio wazi ni residensi, na mlangoni ameketi mtu na karatasi. Saini yake ni halali, sina ubishi. Lakini tusiizungumzie kana kwamba alikuwa sokoni Kariakoo akichagua nyanya.

Nguzo ya tatu ndiyo iliyonifanya nibadili mada, na hapa nitakaa. Inasemwa mkataba hubakiza wauguzi. Wanafunzi wangu wanajua ninapoelekea, maana hawajamaliza muhula hata mmoja nami bila kusikia jina la Marlene Kramer.

Mwaka 1974 Kramer alichapisha Reality Shock, kitabu kinachouliza kwa nini wauguzi huacha uuguzi. Imepita nusu karne na bado sijaona kinachokizidi. Wengine kabla yake walidhani kijana anaondoka kwa sababu hajui kazi. Kramer aliwasikiliza vijana wenyewe akagundua kwamba wanaijua, na kujua huko ndiko kunakowaumiza. Chuo kimemfundisha kumtazama mgonjwa mzima: hofu yake, familia yake, usingizi wake. Wodi inamtaka amalize orodha: dawa za saa tatu, vipimo vya saa nne, mafaili kabla ya makabidhiano. Ana mabwana wawili, na hakuna aliyemwonya kwamba hawaelewani. Kramer akaeleza hatua kwa hatua: kwanza fungate, kila kitu kizuri, kisha mshtuko, hasira, kuwachukia waliomfundisha na wanaomwajiri, halafu ahueni, siku anapoweza tena kucheka, hatimaye suluhu ya aina fulani. Na suluhu zenyewe hazilingani. Wapo wanaokimbia. Wapo wanaomezwa na wodi wakasahau walichofundishwa. Wapo wanaobaki mwili tu, wanaingia zamu na kutoka, wakingoja mshahara. Na wapo wachache wanaojifunza kuishi na mabwana wote wawili, wasumbufu wenye adabu, wanaojua lini wakubali na lini wagome. Kwa Kramer hao ndio tunu.

Sasa muulizeni mheshimiwa: mkataba wa kaa-au-lipa unatuzalishia yupi kati ya hao? Anayekimbia unamzuia, sawa. Lakini msumbufu mwenye adabu haumzai kamwe. Unachozaa ni yule wa tatu, mwili usio na sauti.

Hili nililiona kwa macho yangu. Nilifanya kazi miaka kadhaa kama muuguzi mwelekezi katika hospitali moja ya Marekani, siitaji. Usiku mmoja binti niliyekuwa nimemlea, sasa anajitegemea, alipangiwa wagonjwa kupita kiasi, mmoja wao mzee aliyetoka upasuaji mchana ule. Shinikizo la damu la mzee lilikuwa linashuka kidogo kidogo, na binti alichelewa kuliona kwa sababu alikuwa chumba kingine na mgonjwa aliyechomoa dripu. Mzee alipona. Alfajiri nilimkuta binti kwenye kompyuta akijaza ripoti ya tukio. Alikuwa ameandika vizuri: saa, vipimo, idadi ya wagonjwa, jina la aliyepanga zamu. Halafu akafuta mstari wa idadi ya wagonjwa. Nikamuuliza mbona anafuta. Akanionyesha mkataba wake kwenye simu, kipengele kilichosema akiachishwa kazi kwa sababu yoyote ile, deni lote linadaiwa mara moja. Akasema, "Dada, wakinichukia nitawalipa na nini?"

Wodi yenye wauguzi wa kufuta mistari ni hatari kwa mgonjwa, hata kama hakuna aliyeondoka.

Kramer huyohuyo, miaka ya baadaye, alijiunga na waliouliza swali kwa upande wa pili. Mwaka 1983 American Academy of Nursing ilichapisha utafiti wa hospitali 41 zilizojulikana kwa kuvuta wauguzi na kubaki nao wakati nyingine zinalia upungufu. Kramer na Claudia Schmalenberg wakazifuatilia baadhi yake kwa miaka. Sifa zilizoorodheshwa ni uongozi unaosikiliza, wauguzi wenye uamuzi katika kazi yao, mahusiano mema na madaktari, wauguzi wanaofundisha. Deni halimo.

Sheria nazo zimeanza kuamka. Hospitali za California zimekatazwa na sheria ya mwaka 2020 kumtoza muuguzi gharama ya mafunzo ambayo zenyewe zimemlazimisha kuyapata, na jimbo hilo limepanua marufuku kwa waajiri wengi kwa mikataba ya kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Mwaka 2025 wanasheria wakuu wa California, Colorado na Nevada walifikia makubaliano na HCA, kampuni kubwa ya hospitali, juu ya mikataba ya aina hii. Na kwa nyinyi mnaopanga kwenda kupitia mawakala, kumbukeni wauguzi kumi Wafilipino wa New York walioacha kazi mwaka 2006 wakashtakiwa kwa jinai. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ilisimamisha kesi hiyo, ikitaja Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyokomesha utumwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 2019, katika kesi nyingine iliyohusu waajiri walewale, jaji wa shirikisho aliamua kwamba kipengele cha kulipa dola 25,000 kilikuwa adhabu isiyotekelezeka.

Haki inanitaka nipime upande wa pili. Hospitali ndogo ya kijijini ikimpoteza muuguzi aliyeiva inaumia kweli, na jirani tajiri anayemnyakua hajatoa shilingi. Mwajiri akikulipia shahada nzima, cheti unachoweza kutembea nacho duniani, kisha akakuomba miaka miwili ya kazi, na deni likapungua kila mwezi, sioni uonevu. Pia si kila anayetaka kuondoka anapaswa kuondoka. Mshtuko wa Kramer una msimu wake. Aliye katika mwezi wa nne huona giza ambalo mwezi wa kumi pengine atalicheka, na akitoka kabla ya mwaka anajikuta katikati: residensi nyingine haimpokei kwa kuwa si mgeni tena, na kazi za wazoefu hazimtaki. Kuna wakati kuhamia wodi nyingine ya hospitali hiyohiyo kunatosha. Lakini hofu moja naiondoa leo. Kujiuzulu kwa taarifa, baada ya kukabidhi wagonjwa, si kumtelekeza mgonjwa. Mabodi ya leseni kwa kawaida huita utelekezaji kule kuondoka katikati ya zamu uliyokwisha kuipokea. Deni ni ugomvi wa mwajiri na mwajiriwa, leseni ni kitu kingine.

Baada ya kupima yote hayo nabaki na imani yangu ya zamani, ambayo wenzangu wa idara wameichoka: anayembakiza muuguzi mpya ni muuguzi mwelekezi. Mtaniambia watu huondoka hata wakiwa na mwelekezi mzuri, kwa ndoa, kwa baridi, kwa mama anayeumwa nyumbani. Ni kweli. Mtaniambia sijatenganisha athari ya mwelekezi na ya mshahara. Ni kweli pia. Bado nasema fedha zinazotumika kuandika na kufuatilia mikataba zilipwe kwa mwelekezi, apunguziwe wagonjwa siku anazofundisha, na kufundisha kuhesabiwe anapopandishwa cheo. Hospitali zetu zinazoanza kuitamani mikataba hii zianzie hapo.

Nanyi wanafunzi, siku mtakapoletewa karatasi hiyo, hapa au ng'ambo, ulizeni mambo manne kabla ya kalamu: deni linapungua kila mwezi? Nikifukuzwa, nadaiwa? Nikihama wodi, mkataba umevunjika? Na nani atanifundisha, naye siku hiyo atakuwa na wagonjwa wangapi? Mheshimiwa wangu wa makofi alisema ahadi ni deni, nami nakubali. Hospitali iliahidi kufundisha, na kabla haijadai chochote, itueleze imelilipaje deni lake.